Mapambo na Hoja: Uandishi wa Insha katika Vyuo vya Mlima Kenya

Neno insha, lilikotoka katika Kiarabu, lina maana ya kuanzisha kitu, kukiumba kisichokuwako. Maana hiyo haionekani sana katika insha ziandikwazo na wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Kenya, na upungufu huo wadhihirika waziwazi katika miji inayouzunguka Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Embu, Chuka na Meru. Eneo hili halina uhaba wa vyuo. Kagumo imewaandaa walimu kwa miongo mingi, na vyuo vikuu vya Karatina, Chuka na Embu vilipata hati zao kati ya 2013 na 2016. Wengi wanaosoma humo ndio watakaofundisha insha kesho. Kosa lisiporekebishwa chuoni hurudi katika shule likiwa na cheti.

Tuchukue swali ambalo kila mhadhiri wa ushairi ameliuliza kwa namna moja au nyingine: je, arudhi humfunga mshairi? Swali hili lina historia. Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, na ubishi uliofuata haujesha. Mwanachuo anayelijibu huanza, aghalabu, kwa kutaja wahenga ambao hawakukosea waliponena. Kisha ushairi huwa kioo cha jamii tangu azali. Hufuata fasili ya ushairi, fasili ya arudhi, sifa za shairi la kimapokeo zikiwa zimepangwa kama bidhaa dukani, sifa za shairi huru zimepangwa vivyo hivyo, na hitimisho lisemalo kwamba pande zote mbili zina umuhimu wake. Lugha yaweza kuwa safi kabisa. Lakini swali liliulizwa, na halikujibiwa.

Lingeweza kujibiwa kwa sentensi mbili. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ilitungwa gerezani, na ilitungwa kwa arudhi. Basi anayedai kwamba arudhi huyafunga mawazo hana budi kueleza ni mawazo yapi mfungwa huyo alishindwa kuyasema. Hapo pana dai, pana ushahidi, na pana mtu wa kubishana naye. Mpinzani anaweza kujibu kwamba ustadi wa mshairi mmoja hauthibitishi wepesi wa sheria, na insha ikaanza kwenda. Mwanachuo anayajua mambo haya yote, kwani vitabu amevisoma. Asilolijua ni kwamba ameruhusiwa kuyatumia namna hiyo.

Hajaruhusiwa kwa sababu alilipwa kwa jambo jingine. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, insha imekuwa mlango wa kupandia ngazi. Karibu wote waliomo vyuoni hivi sasa waliandika insha ya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kisha wakaandika mbili katika karatasi ya kwanza ya KCSE, kila moja ikitolewa alama 20. Katika maandalizi ya mitihani hiyo mwanafunzi hufunzwa kukariri mianzo, tashbihi na methali, na kuzihifadhi akingoja mahali pa kuzimwaga. Hata insha ya hoja hufundishwa kwa idadi: hoja kadhaa, kila moja na aya yake, bila kuulizwa kama ya tatu inaibomoa ya pili.

Katika miji ya mlimani zoezi hili lina sura yake. Sokoni Karatina biashara huendeshwa kwa Kigikuyu. Kiswahili ni lugha ya shule, ya redio na ya mgeni. Hivyo mapambo huja yakiwa yamekwisha tengenezwa mahali pengine. Kijana wa Othaya huandika kwamba maji yakijaa hupwa, ilhali maji aliyoyazoea ni ya Mto Gura, nayo yakishapita hayarudi. Si kosa kutumia methali ya pwani. Lugha ni ya wote waliojifunza. Lakini mzee wa Lamu anapoitoa methali hiyo huwa anaamua jambo: anamwambia mtu fulani kwamba mamlaka yake yana mwisho. Methali kwake ni hoja iliyofupishwa. Kwa mwanafunzi imekuwa ua la kuchomeka kifuani.

Ajabu ni kwamba eneo hili halikukosa mapokeo ya kujenga hoja. Katika baraza la wazee wa Kigikuyu, liitwalo kiama (pasipo uhusiano wowote na Siku ya Mwisho), na katika Njuri Ncheke ya Wameru, mlalamikaji hueleza dai lake, mpinzani hujibu, na uamuzi hutolewa pamoja na sababu. Wala jambo hili halikubaki mdomoni. Wamisionari wa Consolata walianzisha gazeti la Wathiomo Mukinyu huko Nyeri mwaka 1916. Muigwithania, ambalo Kenyatta alikuwa mhariri wake, lilianza mwaka 1928 na kuwapa wasomaji wa Kigikuyu uwanja wa kujadiliana kwa maandishi. Gakaara wa Wanjau, aliyekuwa na matbaa yake Karatina, aliandika shajara ya miaka yake kizuizini, nayo ikampatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Yote haya yaliandikwa kwa Kigikuyu. Mwanachuo wa Kiswahili hupita kando yake kila siku akiamini kwamba kuhoji ni kazi ya Kiingereza, na kweli kozi ya stadi za mawasiliano, ambamo angefunzwa kujenga hoja, hufundishwa kwa Kiingereza.

Wahadhiri nao wana sehemu yao katika lawama. Ni rahisi kuzungushia wino mwekundu karamu iliyoandikwa mahali pa kalamu, kosa la matamshi ya nyumbani ambalo lina utamu wake. Ni kazi kubwa kuandika pembeni: ‘Aya hii inadai nini?’ Darasa likiwa na wanafunzi mia na zaidi, wino mwekundu hushinda, na mwanafunzi huelewa, kwa haki, kwamba tahajia ndiyo fikra.

Pana pingamizi moja linalostahili kusikilizwa. Husemwa kwamba insha ikivuliwa mapambo itabaki Kiswahili kikavu, tafsiri ya Kiingereza iliyovaa viambishi vya Kibantu. Hatari hiyo ipo, na tasnifu kadha wa kadha zaishuhudia. Lakini Shaaban Robert, aliyechapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954, hakuwa mkavu wala hakuwa mtumwa wa methali za wengine. Aghalabu sentensi yake hupendeza kwa sababu inapima jambo, upande huu na upande ule. Nathari ya namna hiyo yafaa isomwe katika muhula wa kwanza, sentensi kwa sentensi, na mwanafunzi atakiwe kulitamka dai lake mbele ya wenzake na kupingwa kabla hajaruhusiwa kuandika aya ya kwanza. Wanafunzi wa Nyeri na Meru hawatahitaji maelezo marefu kuhusu utaratibu huo, kwani wengi wao wamewaona babu zao wakiufuata.