Nanga ya Karagwe Mbele ya Kompyuta

Sisi wa visiwani tumezoea kuupima utenzi kwa vina na mizani, kwani aghalabu tunao umeandikwa. Tendi za nanga za Kagera hazipimiki hivyo. Huko mghani hupiga ala ya mbao yenye nyuzi saba au nane huku akisimulia habari za mashujaa kama Rukiza, na sehemu kubwa ya fani yake imo katika kupanda na kushuka kwa sauti. James Grant, aliyekuwa Karagwe mwaka 1861 hadi 1862, aliisifu ala hiyo, M. M. Mulokozi aliziandikia tendi za nanga za Wahaya tasnifu ya uzamivu mwaka 1986. Mhakiki asiyeweza kufika Bukoba wala Ihembe hana budi kutegemea kilichonaswa. Kwa hiyo anayeshika kirungu cha kiwango cha sauti amekwisha kuanza uhakiki kabla yetu, na mara nyingi anauanza vibaya.

Tuseme mtu ameketi uani huko Ihembe na kompyuta yake. Mghani anaanza kwa upole; mnasaji anapandisha kiwango ili asikie vyema. Baadaye shujaa anaingia vitani, sauti inapaa, uzi unakung'utwa. Utepe wa zamani ungeelemewa polepole. Kompyuta haina huruma hiyo: ikifika desibeli sifuri haina namba ya juu zaidi, na kilele cha wimbi hukatwa kikawa bapa. Ubapa huo huzaa milio isiyotoka kinywani wala kwenye uzi, nayo hufunika konsonanti. Ukipunguza sauti baadaye utapata mkwaruzo uleule, ila wa chini.

Mnasaji na amwombe mghani aghani kwanza pale palipo na moto, kisha aweke kiwango ili kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri. Wengi huogopa kwamba sauti itakuwa dhaifu. Hofu hiyo ni ya zama za kaseti. Unasaji wa biti 16 una upana wa desibeli 96 hivi. Ukiacha 12 zinabaki 84, upana ambao kaseti ya kawaida haikuufikia. Kwa biti 24 hakuna hata haja ya kubishana. Na achunge tundu analochomeka waya: sauti nzito ya mashine ya kuchanganyia ikiingizwa katika tundu la maikrofoni hukatwa mlangoni, hata kama kipimo cha programu kinaonyesha salama.

Hata hivyo, mkwaruzo angalau hujitangaza. Ninachokichukia zaidi ni kirekebishaji kinachojiendesha, kinachoinua mnong'ono na kukandamiza ukelele hadi vikalingana. Matokeo yake ni safi, na ni ya uongo. Mhakiki wa mbali atasikiliza na kuandika kwamba mghani hana mpando wala mshuko, kumbe aliyeusawazisha utendi ni mashine. Sahani alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 zina kelele tele, lakini kelele hizo ziko kando ya sauti, na sikio lililozoea huzitenga. Sauti iliyosawazishwa hakuna sikio la kuirudisha.

Hifadhi zetu zimezoea kuandika jina la mghani, mahali na tarehe. Ziongeze neno moja: kirekebishaji kiliwashwa, au kilizimwa.