Kiwavi na Siku za Juma: Uhakiki wa Zoezi la Kusoma kwa Sauti, Kuchora na Kuandika katika Chekechea

Kitabu cha picha cha Eric Carle, The Very Hungry Caterpillar, kilichotolewa Marekani mwaka 1969, hutumiwa sana katika shule za chekechea. Mwalimu husoma kwa sauti, kisha watoto huchora na kuandika. Makala haya yanakusudia kuhakiki zoezi hilo linapofanywa kwa Kiswahili, hasa mjini Lubumbashi.

Muundo wa hadithi ni hesabu. Siku inayofuata Jumapili, kiwavi anatoboa tofaa moja; kesho yake mapea mawili, kisha plamu tatu, stroberi nne, na machungwa matano. Kurasa zenyewe hupanuka kadiri matunda yanavyoongezeka.

Tukisoma kwa Kiswahili sanifu, hesabu hiyo inavurugika. Jumatatu, ambayo jina lake limebeba "tatu", inapata tunda moja, Jumanne inapata mawili, Jumatano, matatu. Sababu inajulikana: majina ya pwani huanza kuhesabu Jumamosi, baada ya Ijumaa, siku ya sala ya Waislamu. Kiswahili cha Lubumbashi huanzia siku ya kazi: siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, siku ya ine, siku ya tano. Hapo tofaa moja linaangukia siku ya kwanza, na machungwa matano siku ya tano. Tena Jumamosi, kiwavi anapokula keki, jibini na soseji hata tumbo likamwuma, kwetu huitwa siku ya posho, jina linalokumbusha mgao wa chakula wa wafanyakazi. Mfasiri asingeweza kubuni jina bora zaidi.

Kwa hiyo twapendekeza mwalimu asome akitua kila siku. Watoto wapewe karatasi tano zinazozidiana upana, wachore matunda wanayoyajua, kama maembe au mapera, kwa idadi ya siku. Chini ya mchoro mwalimu aandike sentensi kama mtoto alivyoisema, "siku ya ine" ibaki hivyo, kisha waisome pamoja. Vygotsky alikwisha kuonyesha kwamba mchoro ni hatua katika njia iendayo kwenye maandishi. Kumpa mtoto picha ya kipepeo iliyokwisha kuchorwa, aipake rangi tu, ni kumnyima hatua hiyo.

Huenda wenzetu wakadai kwamba tunamfungia mtoto mlango wa Kiswahili sanifu. Hoja hiyo ina uzito, kwani vitabu vingi vimeandikwa kwa sanifu. Lakini neno Jumatatu laweza kufundishwa baadaye, katika shule ya msingi, kama jina tu. Katika chekechea mtoto anakutana na maandishi kwa mara ya kwanza. Maandishi yakitamka "tatu" ilhali kidole chake kinahesabu moja, ataamini kidole, na hatakuwa na sababu ya kuyaamini maandishi.