Majibu Mawili ya Mpira Mmoja

Katika hesabu zote za fizikia ya sekondari, hakuna ninazozipenda kama za kitu kilichorushwa hewani. Siri yake Galileo aliieleza katika kitabu chake cha 1638: mwendo wa mlalo hauingilii mwendo wa wima. Sukuma mpira utoke mezani kwa kasi, na papo hapo achia mwingine kutoka kimo kilekile. Yote miwili hugonga sakafu pamoja. Miendo hiyo inachangia muda tu, basi. Ndiyo maana fundi wa hesabu hizi hakimbilii kanuni. Huchora kwanza, akaamua upande upi ni chanya, akatafuta muda kwenye wima na kwenda kuutumia kwenye mlalo.

Chukua mpira uliorushwa kutoka paa lenye kimo cha mita 15. Unapanda kwa mita 10 kwa sekunde huku ukienda mbele kwa mita 8 kwa sekunde. Mchapuko wa graviti tuufanye 10, ukinzani wa hewa tuuache. Mlinganyo wa wima ni wa kipeo cha pili, hivyo muda unatoka mara mbili: sekunde 3, na hasi 1. Ile 3 inatupa mita 24 za mlalo. Anayekimbilia kanuni ya masafa aliyoikariri atapata 16, kwa sababu kanuni hiyo inadhani mpira unatua kwenye usawa uleule uliporushiwa.

Hasi 1 wengi huikata kwa mstari, na kwenye jibu ni haki yao. Ila nawasihi waitazame kwanza, maana hapo ndipo penye uhondo wote. Mlinganyo haujui habari za mkono wala paa. Unaijua parabola tu. Unatuambia kwamba mpira huu ungerushwa kutoka ardhini sekunde 1 kabla, mita 8 nyuma, ukipanda kwa mita 20 kwa sekunde, ungepita palepale juu ya paa na kasi ileile, kisha ungeangukia palepale. Na kweli, ukikokotoa kasi ya wima wakati wa kutua unapata 20, safari hii ikielekea chini. Kilele nacho kipo kwenye sekunde 1, katikati kabisa ya hasi 1 na 3, kwa hiyo jibu ulilotaka kulitupa ndilo linalokuhakikishia kwamba lile uliloliandika ni sahihi.