Uchu, Chungu na Karatasi: Juu ya Lugha ya Mapishi

Kiswahili hakichanganyi njaa na uchu. Mwenye njaa hutaka chakula. Mwenye uchu hutaka chakula fulani, na mara nyingi hutaka kiwe kimepikwa na mkono fulani. Mtu aweza kushiba wali na maharagwe saa saba, na saa kumi akashikwa na uchu wa samaki wa kupaka, wala hapana atakayesema kwamba ana njaa. Kando ya uchu liko neno hamu, lililotoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni wasiwasi na mashaka ya moyo. Waswahili wakalitwaa wakalipa maana ya kutamani, nalo likabaki na kivuli kidogo cha lile hangaiko la kwanza. Njaa huondoka kwa kushiba. Uchu hauondoki ila kwa kitu chenyewe.

Lugha inayoijua tamaa ya ulimi kwa kadiri hii ingetazamiwa kuwa na maandishi mazuri juu ya chakula. Maandishi yapo, na siku hizi yanazidi: vitabu vya mapishi, kurasa za magazeti, maelezo ya watu wapendao kula na kuandika walichopika nyumbani. Lakini msomaji akiyapitia ataona kwamba mengi yameandikwa kwa Kiswahili ambacho hakijapata kuingia jikoni. Ubaya wake hauishii katika sura ya lugha. Kijana aliyezaliwa Maskati au London, au hata Dar es Salaam katika nyumba ambayo mama hurudi kazini usiku, hana wa kumtazama akikuna nazi. Kwake ukurasa ndio mama. Ukurasa ukikosea, pishi hupotea naye asijue kwamba limepotea.

Fasihi ya kale haisaidii sana hapa. Katika tenzi chakula huja zaidi kama alama ya jambo jingine: cheo, ukarimu, hila. Utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 una mifano miwili iliyo mashuhuri. Watu wanaotaka kumwua Liyongo wanakula makoma kwa kikoa, kila mtu akipanda mkoma kwa zamu, ili siku ya zamu yake wampige mishale akiwa juu ya mti. Naye anayaangusha makoma kwa mshale bila kupanda. Tena alipokuwa kifungoni walinzi walikuwa wakila vyakula vizuri alivyoletewa kutoka kwa mama yake, hata ukaokwa mkate wa wishwa wenye tupa ndani, nao wakauacha umfikie. Hapo ulimi wa mlinzi ndio uliofungua gereza. Walakini hata katika kisa hicho hatuambiwi mkate ulikandwaje wala uliokwa wapi. Mshairi alijua kwamba wasikilizaji wake wanajua.

Nathari ilikaribia zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ndiye mwenye sehemu kubwa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Nathari ya kitabu hicho yafaa kusomwa na kila anayetaka kuandika juu ya kazi za mikono. Haiamrishi. Inaeleza watu wafanyavyo, tendo likifuata tendo, na msomaji huona kazi ikienda mbele yake kana kwamba amekaa kizingitini.

Kuamrisha kulitoka kwingine. Katika nyumba za walowezi mpishi alikuwa mtu wa kupewa amri, na vitabu vilitungwa ili kuwafundisha mabwana na mabibi namna ya kuitoa amri hiyo. Kitabu cha F. H. Le Breton, kilichotoka mwaka 1936, kilifundisha Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanya biashara na wake zao. Katika Kiswahili cha namna hiyo vitendo vya jikoni ni vichache: leta, weka, pika, ondoa. Si kosa la kitabu kimoja. Ndiyo hali ya lugha inaposemwa na mtu asiyepika kwa mtu anayepika. Linaloshangaza ni kwamba mapishi ya leo, yaliyoandikwa na wenyeji kwa ajili ya wenyeji, bado yana umaskini ule ule wa vitendo, ijapokuwa sasa umaskini huo waja kwa njia ya tafsiri.

Kitendo kiovu kuliko vyote ni ongeza. "Kaanga kitunguu, ongeza nyanya, ongeza chumvi, ongeza maji." Kuongeza ni kuzidisha kilichopo. Mpishi anayeambiwa aongeze chumvi ana haki ya kuuliza ile ya kwanza ilitiwa lini. Neno la jikoni ni tia, nalo ni fupi zaidi na lina miaka mingi kazini. Baada yake huja changanya, lililomeza jamaa zake wote: uji hukorogwa, ugali husongwa, unga wa maandazi hukandwa, mchicha hupekechwa, na kila kitendo kina mwendo wake wa mkono na chombo chake. Anayeandika "changanya unga na maji ya moto mpaka uwe mgumu" ameandika habari za ugali bila ya mwiko wala jasho. Hata pika lenyewe limenenepa kwa kula wenzake. Muhogo hupwazwa, nyama hubanikwa, mchuzi huungwa. Mtu akiambiwa tu apike muhogo, hajui kama atakaa na muhogo mkavu wa kulia chai au muhogo wa nazi.

Kisha kuna ile "rangi ya dhahabu", ambayo kila kitunguu cha siku hizi kinalazimishwa kuifikia. Dhahabu ni mali ya sonara. Kitunguu cha pwani hulegea, hunyauka, huwa chekundu, na kikipita hapo huungua. Wekundu katika Kiswahili ni eneo pana linaloanzia hudhurungi ya maandazi, wala halihitaji msaada wa madini. Vivyo hivyo "chumvi kwa ladha": mtafsiri alitaka kusema chumvi hata ikolee. Kukolea ni neno ambalo lugha nyingi zingependa kulikopa. Lasema kwa mara moja kwamba chumvi, sukari, nazi au rangi imefika mahali pake, haikupungua wala haikuzidi. Na upande wake wa pili limesimama chapwa, la chakula kisicho na chumvi. Zikumbukwe pia ukakasi wa ndizi mbichi, ugwadu wa embe changa na shombo ya samaki. Maneno haya hayaonekani katika kurasa za mapishi, ambako kila kitu ni kitamu au kina ladha nzuri.

Ubora wa lugha ya jikoni waonekana vizuri zaidi katika chakula kinachodhaniwa kuwa chepesi, yaani wali wa nazi. Ukurasa wa kawaida husema: vikombe 2 vya mchele, vikombe 4 vya tui, chumvi, dakika 20. Mpishi wa Unguja au Mombasa husema kwa namna nyingine kabisa. Unakuna nazi yako kwa mbuzi, unaikamua kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, ndilo kasimile, nalo huwekwa kando. Machicha unayatia maji tena, unakamua tui jepesi, na hilo ndilo linalotangulia sufuriani pamoja na chumvi. Unatia mchele wako uliokwisha kuchaguliwa na kuoshwa. Tui lisimame juu ya mchele kwa kiungo kimoja cha kidole. Likikaribia kukauka, unamimina kasimile, unageuza mara moja, unafunika, unapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko.

Yatazamwe mambo mawili katika maelezo hayo. Kwanza, kimilikishi: nazi yako, mchele wako. Mwanasarufi wa haraka atasema ni maneno ya ziada, kwa kuwa hapana anayepika nazi ya jirani. Lakini kimilikishi hicho kina kazi. Kinamwingiza msikilizaji jikoni na kumpa sufuria mkononi. Kinafanya kazi ambayo amri haiwezi kuifanya, na ndiyo sababu wapishi wanaosema kwa mdomo hawakiachi hata wanaposema mbele ya kamera. Pili, wakati haupimwi kwa dakika bali kwa hali: likikaribia kukauka, kikilegea, ukiumuka. Kiambishi -ki- pamoja na vitendo vya kutendeka ndiyo saa ya jiko. Dakika 20 za moto wa kuni si dakika 20 za gesi, wala mchele mpya si sawa na mchele wa zamani. Bali tui linapokauka limekauka, popote.

Vipimo navyo vina utetezi wao. Watu husema kwamba mpishi wa kale alikisia tu, na neno hilo hutamkwa kwa dharau kidogo. Lakini alikuwa na pishi na kibaba, na vibaba vinne ndivyo pishi moja. Chini ya hivyo alikuwa na konzi, kipimo cha ngumi iliyofumbwa, na ukufi, kipimo cha kitanga kilicho wazi. Mtu anayeandika "vijiko 2 vya mezani" hajaleta kipimo pahali palipokuwa patupu.

Ni haki kusema pia kwamba namba zina faida ambayo mdomo hauna. Mkono uliofundishwa haukosei, lakini mkono wa kijana wa London haujafundishwa, na "kiasi" haimsaidii asiyejua kiasi. Kosa la waandishi wengi ni kudhani kwamba wanatakiwa kuchagua. Mwandishi mzuri hutoa namba na alama pamoja: vikombe vingapi, na tui lisimame wapi, dakika ngapi kwa makisio, na kitunguu kionekane vipi zikiisha. Akifika kwenye mchuzi humwonya msomaji akoroge taratibu tui lisikatike, wala haandiki "lisiharibike", kwa maana tui huharibika kwa njia nyingi na kukatika ni moja. Waandishi wa namna hii wapo, ijapokuwa ni wachache. Na hutambulika upesi, kwa sababu msomaji wao humeza mate kabla ya kufika mwisho wa ukurasa.

Neno maandazi latoa mfano wa kile kinachotokea lugha isipoangaliwa. Limetoka katika kuandaa, na kamusi za zamani zalipa maana pana ya vyakula vilivyoandaliwa, hasa vya unga. Leo kwa watu wengi ni kitu kimoja tu kinachokaangwa asubuhi, na huko Mombasa hata kitu hicho kikitiwa tui na iliki huitwa mahamri. Maana ilijifinya yenyewe, na hapana wa kulaumiwa. Lakini kasimile haijifinyi; inafutwa, kwa kuwa nazi ya kopo haina tui la kwanza wala la pili, na anayetafsiri maandishi ya kopo hulazimika kuandika "tui zito" bila ya kujua kwamba jina lake lipo.

Ukurasa wa mapishi humalizika kwa maneno "chakula tayari kwa kuliwa". Jikoni husemwa pakua. Na baada ya kupakua bado kuna mambo: ukoko uliogandamana chini ya sufuria, ambao watoto huugombea na watu wazima huuonea haya kuuomba; na wali uliobaki, ambao ukilala huitwa kiporo, huliwa asubuhi kwa chai, na una wapenzi wanaopika wali mwingi usiku makusudi ili ubaki. Uchu wa kiporo ni uchu kamili kama mwingine wowote. Katika vitabu vya mapishi vya Kiswahili hakijapewa nafasi inayokistahili, labda kwa sababu hakipikwi.