EPCR Imefika, na Mshiko wa Malaria Uko Mezani

Imefika! EPCR ya binadamu, maikrogramu 50 tu, unga mweupe mwembamba kiasi kwamba ukitazama haraka utadhani umeuziwa kichupa kitupu. Usikifungue kwa pupa. Kizungushe kwanza kwenye sentrifuji ili unga wote ushuke chini, ndipo uongeze maji safi, taratibu, bila kutikisa. Lebo inasema ni kwa utafiti pekee. Sawa kabisa, maana utafiti ndio unaonipandisha mzuka!

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto ninayefanya kazi ya maabara huku chini tambarare, na protini hii inatuhusu sisi watu wa Usambara kuliko wengi wanavyojua. EPCR, yaani kipokezi cha protini C, hukaa kwenye ukuta wa ndani wa mishipa ya damu. Huishika protini C na kuiwezesha kufanya kazi yake: kuzuia damu isigande ovyo na kutuliza uvimbe. Fukudome na Esmon waliitambulisha mwaka 1994, na malaria haikuwemo kabisa katika hadithi yao.

Kisha ikaja damu ya watoto wa Tanzania. Mwaka 2012 timu ya Thomas Lavstsen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ililinganisha vimelea vya watoto 88 wenye malaria kali na vya watoto 40 waliolazwa kwa malaria isiyo kali. Vimelea vya wale mahututi vilipendelea aina fulani za PfEMP1, protini ambayo kimelea huichomoza juu ya chembe nyekundu ya damu ili ing'ang'anie mshipa kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Inang'ang'ania nini hasa? Jibu lilitoka mwaka 2013 katika jarida la Nature, kwa Louise Turner na wenzake, akiwemo John Lusingu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Walijaribisha PfEMP1 hiyo kwenye takriban protini 2,500 za utando wa seli za binadamu. Ikajitokeza EPCR! Kimelea kinakalia palepale panapokaa protini C.

Na sasa mshiko huo unaonekana kwa macho. Unapaka EPCR kwenye visima vya sahani, unaiacha kwenye friji usiku kucha, unaziba nafasi zilizobaki kwa protini ya maziwa, kisha unaweka CIDRα1, kile kipande cha PfEMP1 chenye kushika. Unaosha, unaosha tena. Unaongeza kingamwili yenye kimeng'enya, halafu dawa ya rangi. Jamani, ile bluu! Ilipanda mbele ya macho yangu, na tone la asidi likaigeuza njano kali. Visima visivyo na CIDRα1 havikubadilika hata kidogo. Usafi wa namna hiyo kwa kichupa cha kwanza ni raha tupu.

EPCR yangu imetengenezwa na seli za HEK293, zilizoanzishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973 kutokana na figo ya binadamu. Zingatia hilo unapoagiza. EPCR huvaa minyororo ya sukari ambayo bakteria wa kawaida wa maabara hawajui kuivika, kwa hiyo mimi singechukua ya bakteria hata kwa nusu bei.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni hatua inayofuata: kuongeza seramu, kwa kibali cha maadili, na kuangalia kama kingamwili za mtu zinavunja mshiko. Inajulikana kwamba wanaoishi penye malaria nyingi hupata kingamwili za CIDRα1 mapema utotoni. Na milima yetu! Rene Bødker na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba ukipanda Usambara kutoka mita 300 hivi hadi 1,650, maambukizi hushuka takriban mara elfu moja. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Mtoto akiteremka kona zote za barabara hadi Mombo, kilomita 33 tu, anakutana na vimelea ambavyo huenda mwili wake haujawahi kuviona. Je, seramu yake itazima ile njano? Ya mwenzake wa Muheza, kule tambarare kwenye malaria nyingi, je? Sahani moja ya visima 96 inaweza kuwaweka wote wawili upande kwa upande!

Ukiipata EPCR yako, igawe siku hiyohiyo kwenye vichupa vidogo na uigandishe nyuzi 80 chini ya sifuri, maana kuyeyusha na kugandisha mara kwa mara huiharibu. Na agiza kichupa cha pili cha toleo lilelile kabla halijaisha. Mimi nimeshaagiza.