Bustani kama Uwanja wa Sanaa: Lusanga kwa Jicho la Buzebazeba

Wahakiki wa sanaa ya kisasa huichukulia mara nyingi bustani ya jamii kuwa ukumbi usio na paa. Mtazamo huo haukidhi. Huko Lusanga, magharibi mwa Kongo, palipokuwa na mashamba ya michikichi ya kampuni ya Lever, wasanii wa chama cha CATPC, kilichoundwa mwaka 2014, hufinyanga sanamu za udongo. Nakala zake hutengenezwa kwa chokoleti huko Ulaya na kuuzwa, na mapato hununulia ardhi iliyochoshwa na zao moja, ambamo sasa hupandwa vyakula pamoja na miti. Jumba jeupe la maonyesho, lililofunguliwa mwaka 2017, ndilo lililosifiwa zaidi; bila ardhi ile lingekuwa pambo tu.

Mkazi wa Buzebazeba anaujua mchikichi kwa mawese yake. Jirani, Ujiji, ipo tayari bustani yenye sanamu: kumbukumbu ya Livingstone, ambako miembe hutunzwa kwa ajili ya mkutano wa 1871. Sanamu zinazojulikana humo ni za wageni wawili. Wapagazi wa misafara, ambao bila wao mkutano huo usingekuwapo, hawana umaarufu huo. Kwa hiyo pendekezo lolote la bustani ya sanaa Buzebazeba lihojiwe kwanza kuhusu hati ya kiwanja, kisha kuhusu mavuno, na sanamu baadaye.