Kihisi si Kipimo: Uhakiki wa Istilahi za Vifaa vya Chipu

Katika rasimu moja ya mwongozo wa kifaa cha kupimia maji, iliyoletwa mezani petu ili ihaririwe, neno "kipimo" lilitumika kwa maana tatu ndani ya ukurasa mmoja: ncha itumbukizwayo majini, kifaa kizima, na tarakimu isomekayo kwenye kioo. Sentensi moja iliagiza: "Safisha kipimo kabla ya kuandika kipimo." Mfasiri alijua alichokusudia, fundi wa maji asiyekuwa na matini ya asili asingeweza kujua. Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno yatumikayo kwa vifaa vya namna hii, hasa vile vidogo mno vinavyotengenezwa juu ya chipu.

Hatuwezi kuteua neno kabla ya kuielewa dhana. Tuchukue kifaa alichokieleza Piet Bergveld wa Uholanzi mwaka 1970. Transista ya kawaida ya jamii hiyo ina lango la chuma, na umeme wa lango hilo ndio uamuao kiasi cha mkondo upitao chini yake. Bergveld aliliondoa lango la chuma, akaliacha tabaka la kihami lililo chini yake liguswe na kimiminika chenyewe. Ayoni za haidrojeni hubadili chaji juu ya tabaka hilo, na mkondo ndani ya silikoni hubadilika kwa kufuata. Badiliko la volteji ni dogo: kwa nyuzi 25 za Selsiasi halizidi takriban milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH. Saketi hulikuza, na hesabu hulifanya kuwa tarakimu. Yamo humo matendo matatu: kuguswa, kugeuza na kupima. Istilahi ifaayo haina budi kuyatenganisha.

Baadhi ya wafasiri huandika "sensa". Utohozi si dhambi, na Kiswahili kimetajirika kwao. Lakini neno hili limekwisha kupata mwenyewe: nchini Tanzania kila msomaji aliyehesabiwa mwaka 2012 au 2022 anajua sensa ni nini. "Sensa ya mwanga" itamfanya adhani kwamba mwanga unahesabiwa kaya kwa kaya.

Wengine hupendelea "kitambuzi". Neno hili ni la Kiswahili safi, lakini linasifu kupita kiasi. Atambuaye hutofautisha kitu na kingine. Kifaa cha Bergveld huathiriwa pia na joto na mwanga, wala hakina uwezo wa kueleza kipi kati ya hivyo kimekisukuma. Ni mtengenezaji na mtumiaji ndio wanaopaswa kukikinga na kukisawazisha. Kwa sababu hiyo "kihisi" ni bora. Mkono uhisio joto haujui kama joto hilo limetoka motoni au juani. Wapo wanaolalamika kwamba neno hili linakaribiana na "kihisishi" cha sarufi, au kwamba hisia ni za viumbe hai. Hoja ya kwanza si nzito, kwani muktadha hutenganisha. Ya pili inajijibu: mashine huwa na meno na mikono, na hakuna aliyedhani inatafuna.

Yamkini mtu atauliza kama tofauti hizi zina faida nje ya ofisi za istilahi. Na azingatie kifaa kinachobanwa kidoleni hospitalini, ambacho aghalabu huitwa "kipima oksijeni". Kwa hakika kihisi chake hakigusi oksijeni hata chembe. Hupokea mwanga mwekundu, wa takriban nanomita 660, na wa infraredi, wa takriban nanomita 940, baada ya kupenya kidole; kisha uwiano wa mianga hiyo hulinganishwa na jedwali lililotayarishwa kwa kuwapima watu waliojitolea. Mwezi Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo katika New England Journal of Medicine kuonyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hicho kiliukosa ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya ulivyotokea kwa weupe. Muuguzi aliyefundishwa kwamba kidoleni pana kihisi cha mwanga, na kwamba oksijeni ni hesabu itokanayo nacho, ana sababu ya kuitilia shaka tarakimu iliyo nzuri ilhali mgonjwa anahema. Aliyefundishwa "kipimo" tu hana sababu hiyo.

Limebaki neno "kuunganisha", litumiwalo kwa kila hali ambapo kihisi na saketi huwa kitu kimoja. Kuunganisha ni kuviweka pamoja vilivyokuwa mbalimbali. Neno hilo lafaa pale kihisi kinapotengenezwa peke yake, kisha kikafungwa kwa nyaya kando ya saketi. Halifai pale ambapo kihisi na saketi vimetokana na kipande kile kile cha silikoni, kwa hatua zile zile za kiwandani. Hapo vimeumbwa pamoja. Tofauti hii si ya mapambo: kilichounganishwa chaweza kubadilishwa kikiharibika, bali kilichoumbwa pamoja hutupwa chote. Afisa ugavi anayeandika zabuni anapaswa kujua anaagiza kipi.

Kwa hiyo tunapendekeza "kihisi" kwa sehemu iguswayo, "kigeuzi" kwa sehemu igeuzayo mguso kuwa umeme, "kipima" kwa kifaa kizima, na "kipimo" kibaki kuwa tarakimu tu. Pale kihisi na kigeuzi vinapokuwa kitu kimoja, kama katika kifaa cha Bergveld, "kihisi" kitatosha. Sentensi ya rasimu ile sasa yaweza kuandikwa hivi: "Safisha kihisi kabla ya kuandika kipimo." Limebadilika neno moja tu, na fundi anajua aoshe nini.